Fani ya Kadi ya Polisi: Nyuso za Waanakisti wa Paris, 1894

Kabla ya kuutazama uso wowote katika picha hizi, tazama kiti. Alphonse Bertillon, mkuu wa ofisi ya utambuzi katika makao ya polisi wa Paris, alikibuni ili kisimpe mkaaji uhuru wowote. Sehemu ya kukalia ilikuwa finyu, mgongo wake wima, na nyuma palikuwa na kishikizo cha kukituliza kichwa. Kiti kilikuwa na mahali pake sakafuni, kamera nayo ilikuwa na pake, na umbali baina ya viwili hivyo haukubadilika, aje nani. Kwa hiyo kila uso ulipunguzwa kwa kipimo kimoja, moja kwa saba: sentimita 7 za mwili zikawa sentimita 1 kwenye picha. Picha zilikuwa mbili, moja ya mbele na moja ya upande wa kulia. Mpiga picha alikatazwa kulainisha mikunjo au kufuta kovu, kazi ambayo stadio za mjini ziliifanya kila siku kwa malipo.

Anayejua ushairi wa arudhi atalitambua umbo hili upesi. Picha mbili zimekaa bega kwa bega kama ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Mizani imehesabiwa, na hakuna ruhusa ya kuzidisha wala kupunguza. Kama ilivyo katika shairi, ugumu wa umbo ndio unaozifanya tofauti ndogo zionekane. Watu mia wakipigwa picha kwa namna mia, hutajua kipi kimetoka kwa mtu na kipi kimetoka kwa mpiga picha. Wakipigwa kwa namna moja, basi tai iliyolegea, kola iliyochakaa, ndevu ambazo hazikuchanwa asubuhi ile, vyote vinapata sauti.

Uhakiki wetu umezoea kuzungumzia fani na maudhui na kusisitiza kwamba haviachani. Katika kadi za waanakisti wa Paris, yaani watu waliopinga kuwapo kwa dola na mamlaka yake, viwili hivyo vimeachana. Fani imeletwa na kamera. Maudhui yameongezwa kwa kalamu. Kamera inasema kwamba huyu ni fulani na si mwingine. Kalamu inasema kwamba fulani huyu ni wa kuogopwa. Usahihi wa neno la kwanza ulikuwa mkubwa, na ninaamini ulitumiwa kulibeba neno la pili, ambalo halikuwa na usahihi wowote wa aina hiyo. Kuzisoma kadi hizi kwa makini ni kutazama mahali ambapo maneno hayo mawili yameshonwa pamoja.

Picha za polisi hazikuanza na Bertillon. Mwaka 1871, baada ya jeshi kuivunja Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo, mpiga picha Eugène Appert aliingia katika magereza ya Versailles akawapiga picha wafungwa. Aliwaweka kama alivyowaweka wateja wa stadio yake, kila mmoja na mkao wake, na picha zikauzwa madukani. Appert huyohuyo alitengeneza mfululizo ulioitwa Crimes de la Commune: alikodi waigizaji, akawapanga na kuwapiga picha, kisha akabandika vichwa vya watu halisi juu ya miili yao ili aonyeshe matukio ambayo hakuna kamera iliyoyashuhudia. Huo ulikuwa uongo wa wazi, na ukijua ulivyotengenezwa unauona. Uongo wa kadi za baadaye ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu ndani ya picha yenyewe haumo.

Bertillon aliingia polisi mwaka 1879 akiwa karani. Alikuta makumi ya maelfu ya picha ambazo hazikuwa na faida, kwani mhalifu mzoefu hubadili jina, na bila jina la kweli hakuna mtu angeweza kuitafuta picha moja katika lundo lile. Jibu lake lilikuwa kuupima mwili. Alichagua vipimo 11, miongoni mwake urefu wa kichwa, upana wake, kidole cha kati cha mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Kila kipimo kiligawanywa katika makundi matatu, kidogo, cha wastani na kikubwa, na kadi zikapangwa katika droo kwa kufuata makundi hayo. Februari 1883 akafanikiwa kumtambua mtu wa kwanza aliyejificha nyuma ya jina la uongo. Kitabu chake juu ya picha za kipolisi, La photographie judiciaire, kilitoka mwaka 1890. Namba zilionyesha droo, na uso ukaja kuthibitisha.

Mpango huo mzima ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa, akakamatwa tena, na sasa anakana kwamba yeye ndiye yule wa zamani. Swali linaloulizwa ni moja: tumewahi kukuona? Kadi haikubuniwa kuuliza mtu anafikiri nini, anasoma gazeti gani, au juzi usiku alikunywa kahawa na nani.

Kwa nini picha mbili? Bertillon alikuwa na jibu, na ni jibu la mtu aliyefikiri sana kuhusu kutazama. Picha ya mbele ni ya mashahidi: mwenye nyumba, mhudumu wa mgahawa, jirani wa ngazi moja. Hao humjua mtu kwa jinsi anavyowaelekea. Picha ya upande ni ya ofisi. Mstari wa paji, pua na kidevu haupotei kwa tabasamu wala kwa hasira, na sikio, ambalo Bertillon alilihesabu kuwa na nguvu kuliko kiungo kingine cha uso katika kutofautisha watu, linaonekana lote. Alipanga picha za masikio, za pua na za mapaji katika majedwali, ili askari ajifunze kuzisoma na kuzieleza kwa maneno yaliyokubaliwa, kiasi kwamba sura ya mtu ingeweza kupelekwa kwa simu ya maandishi hadi mji mwingine bila picha yoyote.

Mgawanyo huo una jambo ambalo halijaacha kunisumbua. Uso wako wa mbele unaujua. Umeuona kiooni tangu utotoni na umejifunza kuupanga mbele za watu. Upande wako huujui. Fundi cherehani wa Paris wa wakati ule, mwenye kioo kimoja ukutani, angeweza kufikia uzee bila kuona jinsi sikio lake linavyokaa nyuma ya taya. Polisi wakawa na sura yake ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Tena, kwa kawaida picha ya upande iliwekwa kushoto na ya mbele kulia, kwa hiyo mtu wa picha ya kwanza ameelekezwa kwa mtu wa picha ya pili, ilhali huyo wa pili hamtazami. Anatutazama sisi. Hapo ndipo fani ya Bertillon inapovuja. Mgongo ulishikwa na kiti, kichwa kikashikwa na kishikizo, lakini mtazamo hauna kishikizo. Katika picha za mbele utakuta watu waliokasirika, waliochoka, waliokata shauri kutotoa chochote, na wachache ambao karibu wanacheka. Ofisi haikuhitaji lolote katika hayo. Yameingia tu kwa sababu macho hayana budi kuwa wazi ili yatambulike.

Sasa tuingize tarehe, kwa maana fani hii ilibadilishiwa kazi ndani ya miezi michache. Tarehe 9 Desemba 1893 Auguste Vaillant alirusha bomu katika ukumbi wa Bunge la Ufaransa. Watu walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Tarehe 12 Desemba Bunge likapitisha sheria ya kuyabana magazeti, na tarehe 18 ikafuata sheria iliyofanya hata makubaliano ya nia kuwa kosa, kitendo kifuate kisifuate. Tarehe 12 Februari 1894 Émile Henry akalipua bomu katika mkahawa wa Terminus, karibu na stesheni ya Saint-Lazare. Tarehe 24 Juni Sante Caserio akamchoma kisu Rais Sadi Carnot mjini Lyon, naye akafa. Tarehe 28 Julai ikaja sheria ya tatu, dhidi ya propaganda ya kianakisti. Wapinzani wa sheria hizo waliziita za kiovu, na jina hilo ndilo lililobaki katika vitabu vya historia ya Ufaransa. Watu wasio na hatia waliuawa na kulemazwa wakiwa wamekaa mezani, na hakuna sababu ya kulipunguza hilo. Lakini waliorusha mabomu walikuwa wachache wanaoweza kuhesabika kwa vidole. Misako ya nyumba iliyoanza Januari 1894 iliwafikia maseremala, mafundi viatu, washonaji, wachapaji, wake zao na wapangaji wenzao.

Mkusanyo mkubwa wa kadi walizowekewa watu hao uko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, ulikofika mwaka 2005 pamoja na mkusanyo wa Gilman. Nyingi ni za 1894. Kila moja ni ndogo, takriban sentimita 10.5 kwa 7, ya kutosha kukaa kiganjani. Maelezo yake yana mpangilio uleule: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kazi, kisha neno la kueleza kwa nini yupo hapo, na tarehe.

Tusome moja. Mwanamke wa miaka 19, aliyezaliwa Desemba 1874. Kazi: mdarizi. Halafu neno moja, anarchiste. Halafu tarehe ya kuwekewa kadi, 7 Januari 1894. Basi. Neno hilo limekaa pale ambapo kadi ya mwizi ingesema wizi na kadi ya muuaji ingesema mauaji. Émile Henry hajafika Terminus bado. Mwezi mzima na zaidi umebaki. Msichana huyu ametiwa katika umbo lililobuniwa kwa ajili ya wahalifu wa kurudia, na mahali pa kosa pamejazwa imani, au kile ambacho mtu fulani alimwambia askari kuwa ndiyo imani yake. Utazame uso wake kadiri upendavyo, hutaiona imani hiyo. Kamera ya Bertillon ilikuwa sahihi sana, na kwa usahihi wake wote haikuwa na namna ya kuipiga picha.

Anayetilia shaka kwamba kosa linatoka kwenye kalamu atazame kadi nyingine ya ofisi ileile. Oktoba 1893 Bertillon alimweka mbele ya kamera mtoto wa ukoo wake mwenyewe, umri miezi 23. Fani haikupunguzwa. Mahali pa kosa pakaandikwa ulafi: alitafunatafuna peasi zote za kikapuni. Aprili mwaka huohuo mwanasayansi Francis Galton wa Uingereza aliitembelea ofisi akiwa na miaka 71, akaketi, akapimwa, akawa na kadi. Mwaka 1912 Bertillon akatengenezewa ya kwake. Ukiziweka kadi hizo meza moja na ya mdarizi, picha hazikupi sababu yoyote ya kusema nani mtoto mlafi, nani mgeni wa heshima na nani adui wa taifa. Umri na mavazi vinaonekana, hatia haionekani. Mzaha wa kadi ya mtoto una uchungu ndani yake. Aliyeweza kutania kwa fani hii ni yule ambaye fani ilikuwa mali yake. Kwa msichana wa Januari, neno moja mahali palepale lilikuwa na mlango wa gereza nyuma yake.

Kuna jambo lingine la kifani ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Sheria ya 18 Desemba iliwalenga watu kwa sababu ya kuwa pamoja: kujuana, kukutana, kukubaliana. Picha zinamwonyesha kila mtu peke yake. Hakuna barabara, hakuna meza ya mkahawa, hakuna gazeti mkononi, hakuna rafiki wa kushoto wala wa kulia. Kuna mandhari tupu nyuma ya mabega, basi. Kosa linalodaiwa ni uhusiano, na fani iliyochaguliwa kulihifadhi ni ile inayofuta kila uhusiano. Kisha ofisi inaurudisha uhusiano kwa njia yake, kwa kuzipanga kadi pamoja. Fundi viatu ambaye pengine hakuwahi kumwona mdarizi anakuwa mwenzake, kwa kuwa sasa wamo katika rundo moja. Rundo linakuwa ushahidi wa njama. Mchoraji Maximilien Luce, aliyekamatwa Julai 1894 na kufungwa katika gereza la Mazas, alitoka humo na mfululizo wa litografia ambamo alichora gereza lenyewe. Alirudisha mahali. Ukizitazama chapa zake baada ya kadi, unatambua mara moja ni kiasi gani kiliondolewa na ile mandhari tupu.

Haki itendeke kwa Bertillon katika jambo moja. Wakati huohuo Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alidai kwamba anarkia inasomeka usoni, katika taya, masikio na paji. Mwaka 1891 aliandika makala juu ya nyuso za waanakisti katika jarida la The Monist la Chicago, na Michael Schwab, mmoja wa waanakisti waliohukumiwa baada ya bomu la Haymarket mjini humo, akamjibu katika jarida hilohilo kutoka gerezani, akionyesha jinsi michoro aliyoitegemea daktari isivyofanana na watu wenyewe. Bertillon hakuwa na hamu na mafumbo hayo. Kwake sikio lilitofautisha mtu mmoja na mwingine; halikusema lolote juu ya tabia. Mfumo wake, ukisomwa kwa uaminifu, unampinga Lombroso: ukipima watu kwa uangalifu kiasi kile unakuta kila mmoja ni wa peke yake, na kile kinachoitwa sura ya kihalifu kinayeyuka. Ndiyo maana inasikitisha zaidi kwamba kadi zake ndizo zilizokuja kubeba neno lisilo la mtu mmoja, neno la kundi.

Kadi maarufu kuliko zote ni ya Ravachol. Mwezi Machi 1892 mabomu mawili yalilipuka katika nyumba walizoishi maofisa wa mahakama, moja tarehe 11 katika barabara ya Saint-Germain, jingine tarehe 27 katika mtaa wa Clichy. Tarehe 30 Machi aliyeyatega akakamatwa katika mgahawa wa Véry. Hakukamatwa kwa kadi. Alitambuliwa na mhudumu wa mgahawa, ambaye siku chache kabla alimsikia akizungumza juu ya milipuko na kuliona kovu katika mkono wake wa kushoto. Jicho la mtu aliyebeba sahani liliwahi ofisi nzima ya vipimo. Kadi ilifanya kazi baadaye, na kazi hiyo ilikuwa nzito. Vipimo vilimfunga Ravachol na jina jingine, Koenigstein, mtu aliyekuwa akitafutwa katika mkoa wa Loire kwa mauaji ya mzee mtawa wa Chambles mwaka 1891. Mlipiza kisasi wa kisiasa akawa pia mtu aliyemuua mkongwe kwa ajili ya pesa zake. Hapa fani ilifanya kile ilichobuniwa kufanya, na ilikifanya kwa haki: jina la uongo liliondolewa, mtu mmoja akawa mtu mmoja. Paris ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 27 Aprili, na Montbrison ikamkata kichwa tarehe 11 Julai 1892.

Kisha uso huo ukaingia katika fani nyingine kabisa. Mwaka 1893 Charles Maurin alimchonga Ravachol kwenye mbao na kumpiga chapa: kifua wazi, kichwa juu, amesimama kati ya nguzo mbili za gilotini ambazo sasa zimekuwa fremu ya picha, na nyuma yake shamba la ngano na jua linalochomoza. Kila kilichokatazwa na Bertillon kimerudi. Kuna mkao, kuna mandhari, kuna mwanga wenye maana. Kwa ustadi wa mkono ni kazi kubwa, na siipendi, kwa sababu mtawa wa Chambles hayumo. Mchongo wa Maurin na neno la kalamu kwenye kadi ya mdarizi vina kosa moja la kifani: vyote viwili vinaupa uso maudhui ambayo uso haukuyatoa, kimoja kwa kusifu, kingine kwa kulaani.

Nimeacha kadi ya Félix Fénéon hadi sasa, kwani ndiyo inayolipa zaidi ikisomwa polepole. Alikuwa karani katika Wizara ya Vita na mhakiki wa sanaa mwenye kalamu kali; ni yeye aliyewapa mchoraji Seurat na wenzake jina la kundi lao. Mwaka 1890 rafiki yake mchoraji Paul Signac alitaka kumchora. Fénéon alipendekeza achorwe akitazama mbele moja kwa moja. Signac akamchora kwa upande, na ndivyo anavyoonekana katika turubai iliyopewa namba ya Opus 217: ndevu za kidevuni zimechongoka, ua mkononi, kofia na fimbo, na nyuma yake rangi zinazozunguka kama gurudumu. Miaka minne baadaye, tarehe 4 Aprili 1894, bomu lililipuka katika mgahawa wa Foyot na mshairi Laurent Tailhade akapoteza jicho. Mwezi huohuo Fénéon alikamatwa, na katika ofisi yake wizarani vikapatikana viwashio vya mabomu. Bertillon akampiga picha zote mbili, ya mbele na ya upande.

Weka upande wa Signac karibu na upande wa Bertillon. Mstari wa pua na kidevu ni uleule. Hapo mchoraji na polisi wanakubaliana. Tofauti ni nani anamiliki nafasi iliyouzunguka mstari huo. Kwa Signac mandhari yote imeandikwa kwa ajili ya huyu mtu: fikra zake juu ya rangi, urafiki wao, mchezo wao. Kwa Bertillon nafasi ni tupu na imesubiri wengi kabla yake. Katika picha ya mbele, ile aliyoitaka mwaka 1890 na kuipata kwa polisi, Fénéon hajitetei wala haombi. Anaitazama lenzi kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine na ameshaona yalipokosewa. Najua kwamba hapa nami natia maudhui, na msomaji ana haki ya kunikatalia. Lakini kilichofuata mahakamani kinanipa ujasiri.

Kesi iliitwa ya Watu Thelathini, nayo ilisikilizwa kuanzia tarehe 6 hadi 12 Agosti 1894. Mashtaka yaliwaunganisha wanafikra, waandishi na wahariri na kikundi cha wezi wa majumbani, wote katika shauri moja, kama kadi zilivyowaunganisha katika rundo moja. Jaji alimkabili Fénéon kwa kumwambia kwamba alionekana akizungumza na mwanakisti nyuma ya nguzo ya taa. Fénéon akamwomba amweleze nguzo ya taa ina nyuma upande gani. Watu wamelicheka jibu hilo kwa zaidi ya miaka mia kama werevu wa mtu wa maneno. Mimi naliona kuwa uhakiki kamili wa fani. Nguzo ni ya duara. Haina mbele wala upande. Mbele na nyuma vinawekwa na yule aliyesimama kuitazama, na askari aliyesema "nyuma" alikuwa tayari ameamua nani anajificha. Mtu aliyegawanywa mbele na upande na polisi alilirudisha swali lile kwa mahakama: umesimama wapi unaponitazama? Washtakiwa wote wa fikra waliachiwa. Waliotiwa hatiani ni wezi.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Mwishoni mwa 1894 Bertillon aliitwa kuutazama mwandiko katika kesi ya usaliti ya Kapteni Alfred Dreyfus, kazi isiyokuwa yake, akashikilia kwamba Dreyfus aliughushi mwandiko wake mwenyewe. Dreyfus hakuwa na hatia. Usahihi wa mezani kwake haukumzuia kuwa na hakika pale asipokuwa na msingi. Mwaka 1898, baada ya Malkia Elisabeth wa Austria kuuawa Geneva, serikali za Ulaya zilikutana Roma dhidi ya waanakisti na kupendekeza njia yake ya kuieleza sura kwa maneno itumike baina ya nchi. Vipimo vya mwili navyo vilishindwa na alama za vidole, zilizopangwa kimfumo huko Bengal na kuchukuliwa na polisi wa London mwaka 1901. Njia hiyo ndiyo iliyofika Kenya katika kipande cha miaka ya 1920, kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma: kilikuwa na alama za vidole na historia ya ajira, bila picha. Alama ya kidole haina macho. Babu zetu waliobeba kipande hawakupewa hata ile nafasi finyu ya kumtazama aliyewaandika.

Kadi za Metropolitan zimewekwa wazi kwenye tovuti ya jumba hilo, na yeyote anaweza kuzitazama. Ukizifungua, msomaji, usianze na uso, maana uso utakuvuta uanze kubuni. Anza na tarehe na kazi ya mtu, kisha tafuta kosa lililothibitishwa. Na pale ambapo pameandikwa neno anarchiste peke yake, usimwite mhalifu.